Udongo Uliochekechwa Mara Mbili

Busunzu, 6 Agosti 2024

Mwanangu Uwimana,

Amahoro. Sisi tunapumua, ila mguu wangu bado unavimba jioni. Baridi ya Kasulu imekiachia kifua chako?

Kisima cha mdogo wako Nestori kimefika futi ishirini, na udongo umebadilika rangi. Anauliza kama asubiri ringi za zege za kushikilia kuta, ambazo fundi anasema ni hadi Oktoba, au achimbe hivyo hivyo. Anacheka: "Dada kasoma miaka yote ili achezee udongo? Basi auchezee na wetu." Simu huku bondeni haishiki, kwa hiyo Mansuri wa bodaboda anakuletea barua na kiroba cha udongo huo. Nimekiandaa vizuri, kisikuaibishe mbele ya wenzako wa maabara.

Mama yako

Kasulu, 13 Agosti 2024

Mama, shikamoo.

Kifua kimepona. Mguu ukande kwa maji ya chumvi.

Udongo nimeupima mwenyewe. Tunapanga machekeche, la matundu makubwa juu, la madogo kabisa chini, tunatikisa, kisha tunapima uzito wa kilichobaki katika kila moja. Juu hubaki changarawe, katikati mchanga. Unaopita yote ni tope na mfinyanzi. Shimo la mchanga huporomoka. La mfinyanzi hujishika.

Wenu haukuacha changarawe hata punje, na mchanga ni kidogo mno. Mkubwa wangu, Mzee Mudathiri, alitania: "Huu si wa kisima, huu wa kusongea ugali." Mwambie Nestori aendelee. Akifika kwenye maji, anichotee chupa moja.

Binti yako, Uwimana

Busunzu, 20 Agosti 2024

Mwanangu,

Mungu akutunze. Mguu umepungua kweli.

Barua yako niliisoma kwa sauti, Nestori akaruka kama mbuzi. Alikuwa ameacha kuchimba, anasema kuta zinamwaga vijiwe mgongoni. Nikamwambia dada yako ana mashine, wewe una mgongo tu. Alhamisi anashuka tena.

Nimefurahi huyo mzee aliusifu. Niliutwanga kinuni, nikauchekecha kwa chekeche la unga wa muhogo, halafu tena kwa kitambaa. Mawe na mchanga nilimwaga nyuma ya jiko, karai zima. Hatukulelewa kumpelekea mtu kitu chenye mchanga.

Mama yako

Kasulu, 22 Agosti 2024

Mama,

Nisamehe, sisalimii. Barua yako nimeipata saa tatu hii asubuhi, na leo ni Alhamisi. Nestori atoke kisimani. Kama yumo, atoke sasa, asingoje kumaliza ndoo.

Ulichomwaga nyuma ya jiko ndicho nilichopaswa kupima. Nimempigia Mansuri mara saba, hapatikani. Karatasi hii nampa dereva wa Noah ya Kibondo, ameapa atapitia kwenu.

Kosa si lako, Mama. Sikukwambia uulete ulivyo. Na katika daftari langu, tarehe 9, nimeandika kwa mkono wangu: "Udongo laini isivyo kawaida, hauna hata jiwe." Nikapiga mstari chini yake. Sikuuliza.

Uwimana

Busunzu, 1 Septemba 2024

Mwanangu Uwimana,

Mguu umevimba tena, si neno. Wewe unakula?

Karatasi yako dereva aliileta saa nane. Walikuwa wanachimba bado, lakini kumtafuta. Walimfikia jioni. Ulipokuja kuzika sikuweza kusema na wewe, wala wewe na mimi, ndiyo maana naandika.

Mwalimu wa shule ya msingi anataka kuchimba kisima cha watoto, mita mia kutoka kwetu. Amekuja kuniuliza kama udongo wa huku unajishika. Nimemwambia angoje jibu lako.

Mansuri anakuletea kiroba. Ni udongo ule uliomfukia Nestori. Sikuutwanga, sikuuchekecha. Nimeuzoa na mawe yake yote. Upime, mwanangu, kisha uandike ulivyo.

Mama yako