Kura ya Mzee Kamugisha

Morogoro,
Novemba 1995

Tata waitu, baba yangu, shikamoo. Mama naye nampigia magoti nikiwa huku huku. Mnaendeleaje? Mvua imeshika, au migomba bado inateseka na jua? Mimi mzima, ila moshi wa kuni hapa jikoni shuleni unanitoa machozi, na juzi niliungua mkono kwa uji. Unapona. Wanafunzi wameongezeka, masufuria ni yaleyale.

Barua ya Deo imenifika, ndiyo iliyonikalisha niandike. Mdogo wangu anasema Mzee Kamugisha yuko kitandani, hata kukaa hawezi mpaka ashikwe, na wewe hujakanyaga kwake tangu uchaguzi. Eti kwa sababu alisema kilabuni, mbele za watu, kwamba kura yake ya urais kawapa wapinzani. Tata! Kweli wewe?

Nakumbuka ulivyokuwa balozi wa nyumba kumi. Karatasi ilikuwa na Ndiyo na Hapana tu, na siku ya kura ulipita mlango kwa mlango, Mzee Kamugisha nyuma yako akiimba. Baada ya vita vya Kagera mlipiga Ndiyo kwa furaha, maana mlikuwa hai. Mara iliyofuata mkapiga kwa mazoea. Halafu kahawa ikalala ghalani bila malipo, vijana wakaanza kuivusha mpakani Murongo kwenda Uganda kwa magendo, na wewe mwenyewe ukamwambia Mama, "Hawa wananipa Ndiyo ya mdomoni." Nilikuwepo, nilisikia. Sasa vyama vimekuwa vingi, la moyoni limetoka. Kijiji chetu cha Chonyonyo hakikugeuka kwa siku moja, na Mzee Kamugisha hajakugeuka wewe.

Ninyi mlichanjiana. Mbele ya Babu mlimeza punje ya kahawa, wewe yenye damu yake, yeye yenye damu yako. Hakuna aliyewauliza mtampigia nani kura. Hiyo damu utaitoaje umrudishie? Na wewe ndiye uliyetufundisha kuwa mgonjwa akizidiwa, ndugu wa kuchanjiana huingia kwanza, hata kabla ya watoto. Nisamehe kwa ukali huu, lakini naogopa, Tata. Akifa hujamwona, utaishije pale kijijini?

Nenda kesho asubuhi. Siasa iache nyumbani, beba mkungu wa ndizi.

Nisalimie shangazi yangu wa Nkwenda, yule muuza maharage, na katekista wetu aliyenibatiza kwa maji ya baridi. Mke wa Mzee Kamugisha mwambie nampa pole sana.

Krismasi nimepata likizo, nakuja. Ila ujue kabla sijapanda treni: na mimi huku nilipiga kura kama ya Mzee Kamugisha. Kama nyumbani kwako hapana nafasi ya mtu wa namna hiyo, niambie mapema. Nitafikia kwake, kama nitamkuta.

Ni mimi, kifungua mimba wako,
Adela