Gari lililovuta Noah mtoni, barabara ya Hirbadaw

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Katesh, Wilaya ya Hanang
Tarehe 11 Aprili 2025

Jina: Zita Basili Margwe. Jinsi: Mke. Umri: Miaka 38. Kabila: Mwiraqw. Dini: Mkristo. Kazi: Mkulima. Makazi: Getanuwas.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeelezwa kuwa niseme kweli, nami nitaisema. Nimeitwa kwa sababu mwenye gari aina ya Noah amelalamika kwamba niliharibu gari lake nilipolivuta kwenye maji. Naomba nianzie asubuhi, maana bila asubuhi haitaeleweka kwa nini nilikuwa pale na gari lisilo langu.

Mimi na kaka yangu Evarist tuna mashine ya kupukuchua mahindi. Ina magurudumu, lakini lazima ivutwe. Msimu uliopita tulitegemea trekta la kukodi. Mwenye trekta alikuja alipotaka, na mahindi ya watu yakanyeshewa shambani yakitusubiri. Mwaka huu tukaamua kutafuta pickup iliyotumika, yenye nguvu ya kukokota.

Mnamo tarehe 9 Aprili 2025, majira ya saa tatu asubuhi, tulifika Katesh kuangalia magari mawili. La kwanza lilikuwa jeupe, linang'aa, viti vya ngozi. Nilikaa ndani nikajiona ninavyoshuka nalo kanisani. Evarist aliinama nyuma akaniita. Ndoano ya kuvutia tela ilikuwa imechomelewa kwenye bampa tu. Hata hivyo nikamwomba mwenyewe tufunge mashine yetu tujaribu. Akasema, "Dada, hili ni gari la heshima. Halikokoti vitu." Tukamshukuru, tukaondoka.

La pili lilikuwa la Mzee Modest Tluway, mwalimu mstaafu wa Jorodom, upande ule ambao tope la maporomoko ya Mlima Hanang ya mwaka 2023 halikufika. Ni Land Cruiser ya dizeli, rangi imepauka, mlango mmoja haufungi mpaka uubamize. Tulimpa shikamoo, akaitikia, akatupa ufunguo kabla hatujauomba. Evarist alilala chini ya gari muda mrefu. Chesisi haikuwa na kutu wala alama ya kuchomelewa, springi za nyuma zilikuwa nzito, na ndoano ilifungwa kwa boliti kwenye chesisi yenyewe. Alitoka mgongo mzima vumbi, anatabasamu.

Mzee akasema, "Fungeni mashine yenu, twende kwenye mlima wowote mnaoutaka. Lisipopanda, msilinunue."

Mashine ilikuwa kwa fundi jirani, tukaifunga. Dereva nilikuwa mimi, leseni nimeionyesha hapa. Tulishika barabara ya Hirbadaw. Kwenye mwinuko mkali niliingiza gia ya pili nikisubiri gari lilalamike. Halikulalamika. Nikitazama kwenye kioo naona mashine inakuja nyuma kama ndama anayemfuata mama yake. Nikaanza kuimba. Afande ameniuliza kama hilo liandikwe. Liandikwe, niliimba.

Majira ya saa sita mchana tulifika mahali barabara inapokatiza korongo. Sisi hatukupata mvua, lakini juu ilinyesha, na maji yalikuwa yanashuka mekundu. Noah ilikuwa katikati, imezimika, maji yamefika kwenye milango na yanaisukuma pembeni kidogo kidogo, kuelekea kwenye poromoko. Ndani walikuwa watu watatu, ambao majina yao niliyajua baadaye: dereva Kelvin, muuguzi Belinda, na Bibi Hilda, aliyekuwa anarudishwa nyumbani baada ya upasuaji wa macho. Macho yote mawili yalikuwa yamefungwa bandeji.

Tuliifungua mashine tukaiacha juu, nikarudi kinyumenyume mpaka ukingoni mwa maji. Hapo nikasimama. Nikamwambia Mzee, "Gari bado ni lako. Likizama itakuwaje?"

Akajibu, "Umeomba kulijaribu. Lijaribu."

Evarist alijifunga kamba kiunoni, Mzee akaishika, naye akaingia na mnyororo. Alipokuwa anapapasa chini ya Noah kutafuta pa kuufunga, alimsikia bibi akiuliza, "Maji yako wapi sasa?" Muuguzi akamjibu, "Yako mbali, bibi." Bibi akasema, "Mbona miguu yangu imelowa?"

Evarist akapunga mkono. Niliweka gia nzito, nikaachia klachi polepole. Magurudumu yalizunguka bure, tope likaruka mpaka kwenye paa. Nikaachia mafuta, nikaanza tena taratibu. Mnyororo ukakaza. Gari likatulia kama mtu anayejipanga kubeba gunia, kisha likaenda. Bampa la nyuma la Noah likang'oka likachukuliwa na maji. Nililiona kwenye kioo. Sikusimama. Niliendelea mpaka Noah nzima ikawa juu kwenye ukavu, na tulipogeuka kutazama, maji yalikuwa yamepita kimo cha madirisha pale ilipokuwa imesimama.

Muuguzi Belinda alinikumbatia. Bibi Hilda aliomba ashikishwe gari lililomtoa. Aliweka kiganja kwenye boneti, akapapasa kama anapapasa ng'ombe. Akasema, "Lina joto." Mimi nilicheka na kulia kwa pamoja.

Njiani kurudi Mzee Modest alisema, "Nimekaa nalo miaka yote hii sikujua lina nguvu hivi. Sasa sijui kama naliuza." Moyo ulinishuka, nikaendelea kuendesha. Kwake alishuka, akalizunguka akiligusa gusa. Halafu akasema, "Kwangu litakuwa linalala tu. Wewe una kazi nalo. Lichukue." Tulikubaliana siku hiyo hiyo.

Kuhusu bampa, sikatai. Liling'oka kwa sababu nilivuta, na sikusimama kwa sababu kulikuwa na watu ndani. Nikikuta gari lingine pale kesho nitavuta vilevile.

Niliyoyaona na kuyatenda ni hayo. Nimesomewa, nimeyakubali kuwa sahihi.

Sahihi ya shahidi: Z. B. Margwe

Maelezo haya yameandikwa nami, PC Herman, na kusomwa mbele ya shahidi. Dereva Kelvin na muuguzi Belinda wamehojiwa kila mmoja peke yake, na maelezo yao yanaafikiana na haya. Mlalamikaji, baada ya kuelezwa na dereva wake kilichotokea, ameomba kuondoa lalamiko na kupewa namba ya simu ya shahidi ili amshukuru. Amepewa.