Siku Niliyoacha Kutia Nyongeza

Shauri Moyo, Jumanne, Julai 1996

Manyunyu tangu alfajiri na baridi ya kung'ata masikio, lakini mimi nimeshinda nikitokwa jasho. Shajara, kaa vizuri nikuambie. Leo nimekata DNA, na imekatika palepale nilipotaka!

Nianze na aibu. Niliajiriwa pale maabara kuosha chupa. Miezi miwili iliyopita mkubwa wetu, Daktari Wanjala, alinikuta nikichungulia kazi za wenzangu. "Mwende, weka hilo beseni chini, njoo ujaribu," akasema. Kazi yenyewe ni hii: jeni ya kijidudu kinachowaletea ng'ombe ugonjwa wa ndigana imepachikwa ndani ya duara la DNA ya bakteria, nami natakiwa kuitoa. Kisu changu ni kimeng'enya, na hakionekani kwa macho.

Kisu hiki kinasoma kabla ya kukata. DNA ni nyuzi mbili zilizoandikwa kwa herufi nne, A, T, G na C. Chenyewe kinatafuta GAATTC, sita hizo kwa mpangilio huohuo. Kikizikosa kinapita zake. Kikizipata kinakata kati ya G na A, kwenye nyuzi zote mbili, na kuacha ncha fupi zilizojitokeza, tayari kushikana na kipande kingine kilichokatwa vivyo hivyo. Bakteria wamekuwa nacho tangu zamani, wanakitumia kukatakata virusi vinavyowavamia, na herufi zao wenyewe wameziwekea alama wasije wakajikata. Nilipoelezwa hayo nilicheka peke yangu. Kumbe hata wao wana askari wa getini!

Herufi hizo sita ziko pande zote mbili za jeni yangu, kwa hiyo nikikata vizuri napata vipande viwili, jeni na duara lake. Vikipitishwa kwenye jeli kwa umeme, inaonekana mistari miwili. Basi.

Mara mbili nimejaribu, mara mbili nikapata mistari chungu nzima. Daktari akashuku kuwa kimeng'enya kimeharibika. Ijumaa alisema kilichobaki kinatosha mara moja tu. Kikishindwa tena, chupa inatupwa na mimi narudi kwenye beseni. Nilijifungia chooni nikalia.

Jumamosi nilikuwa soko la Burma, kwa bucha ya Baba, nikimsaidia kufunga nyama. Baba akipima kilo husubiri mizani itulie, halafu hukata kipande kingine akakitupia juu. Nyongeza. Mteja asiyepata nyongeza harudi, ndivyo anavyosema tangu nizaliwe. Nilimtazama akifanya hivyo kwa mama mmoja, nikaacha kufunga.

Ni mimi.

Mara zote mbili, baada ya kupima kimeng'enya sawasawa, niliongeza tone juu yake ili kazi iive vizuri. Hakuna aliyeniagiza. Nilifanya bila hata kufikiri, mtoto wa bucha mimi.

Sasa, kimeng'enya huhifadhiwa ndani ya gliserini ili kisigande. Vikizidi hivyo viwili, kinapoteza umakini na kuanza kukata hata maandishi yanayofanana tu na yale yake. Hayo yameandikwa kwenye karatasi iliyokuja na chupa. Niliisoma nikaona hainihusu.

Leo asubuhi nilikiri. "Daktari, chupa haina kosa. Ni mimi nilikuwa natia nyongeza."

"Nyongeza?"

"Kama ya bucha, Daktari."

Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha uso ukabadilika. "Hapa hatupimi kwa ukarimu, Mwende. Nenda, na iwe kwa kipimo."

Maji, chumvi zake, DNA, na mwisho kabisa kimeng'enya kutoka kwenye barafu. Kidole gumba, juu ya kibomba cha kupimia, kiliwasha kutaka kuongeza. Nikakikatalia! Saa nzima kwenye maji ya joto la mwili, kisha jeli, kisha umeme. Ilipowashwa taa ya kuonyesha mistari nilifumba macho. Nilimsikia mwenzangu Kamau akipiga kelele, "Mwende, cheki! Ni mbili tu! Umeiva, msee!"

Miwili. Ya rangi ya chungwa, mmoja juu, mmoja chini, na katikati hakuna kitu. Niliruka, nikamkumbatia Kamau, nikagonga kiti. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo maishani, na sioni haya kusema.

Daktari hakunisifu. Alinisogezea kile kitabu kikubwa tunachoandika kazi za kila siku. Hadi leo kazi zangu zimekuwa zikiandikwa kwa jina lake, kwa sababu mwosha chupa haandikwi humo. "Andika lako," akasema. "Na zile mbili zilizoharibika ufute langu, uandike lako na sababu."

Jina langu limeingia mara tatu kwa siku moja, mara mbili kwa kosa na mara moja kwa kazi, na sitaki hata moja lifutwe.

Aliyasoma yote matatu, akafunga kitabu, akamgeukia Kamau. "Kesho mtafute mtu wa kuosha chupa."