Lenzi Iliyofungwa Shali la Mtoto

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: kama lilivyo kwenye kitambulisho; mtaani huitwa Mama Pazia
Umri: miaka 61
Kazi: fundi cherehani; pia katibu wa sinema ya mtaa, kwa kujitolea
Makazi: nyumba ya tatu nyuma ya sinema hiyo
Yameandikwa: Jumapili tarehe 14, saa tano na dakika ishirini asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu, na nimekuja mwenyewe bila kuitwa. Mtu mliyemweka ndani tangu jana ni mdogo wangu wa tumbo moja. Ni mbishi, anakoroma, na akishika rimoti haachii, lakini mwizi siyo.

Sinema yetu ni ghala la zamani la magunia. Ni ya mtaa mzima na hakuna anayelipwa. Mdogo wangu ndiye anayeendesha mitambo, mimi nilishona pazia la kuonyeshea, na mwalimu mstaafu huandika Kiswahili chini ya picha, maana filamu zetu zinatoka mbali na wanaoongea humo hatuwaelewi hata kidogo. Si filamu za kupigana. Ni zile mtu anatembea polepole na wewe unamwonea huruma. Mwanzoni watu walinicheka, "Mama Pazia, mbona hakuna hata bastola?" Siku hizi ukichelewa unakaa chini. Filamu ikiisha, taa zinawashwa na tunabishana. Kinyozi na seremala walikuwa hawasalimiani miaka minne. Walipatana kwa kuitetea filamu moja dhidi yetu sote, na wote wawili walikuwa wamekosea. Afande ananiambia nifupishe. Nafupisha.

Miaka miwili iliyopita wezi walivunja mlango wakabeba kila kitu. Tulikaa miezi saba bila sinema, mtaa ukapooza kabisa. Tulipopata mitambo mingine iliyokwisha kutumika, tulikubaliana kwenye kikao: mlinzi hatuna, kwa hiyo onyesho likiisha mitambo inafunguliwa na kila mmoja anaondoka na kipande chake, amekificha ndani ya kitu cha kawaida. Anayebeba kipande kimoja hajui vingine vinalala wapi. Anayejua vyote ni mimi tu. Na sharti la mwisho: mwenzako akisimamishwa njiani, usigeuke, pita.

Mnamo Jumamosi tarehe 13, saa kumi jioni, tulionyesha filamu ya bibi anayebeba saa ya ukutani kwa miguu hadi mji wa mbali ili itengenezwe. Bibi kafika, anabisha hodi kwa fundi, umeme ukakatika. Ukumbi mzima uliguna. Tulingoja hadi saa kumi na mbili, wapi! Tukatangaza kuwa dakika zilizobaki zitaonyeshwa leo saa kumi, tukafungua mitambo.

Saa kumi na mbili na robo nilitoka mlango wa nyuma na spika ndani ya beseni, nimeifunika mashuka. Mdogo wangu alikuwa mbele yangu hatua kama ishirini. Alikuwa ameizungushia lenzi ya projekta shali la mtoto na kuikumbatia kifuani. Nilishamwambia, na madevu yote hayo, nani atakuamini una kichanga? Akasema, "Dada, niachie mambo yangu." Haya. Mpangaji mpya wa nyumba ya kona, ambaye hajamaliza wiki na hakuwa na nia mbaya, alikuwa ameona watu wakitoka na mizigo mlango wa nyuma, akawapigia simu ninyi polisi. Askari wawili walimsimamisha. Niliwasikia vizuri.

"Mtoto anaitwa nani?"

"Bado hajapewa jina."

"Ana umri gani?"

"Miaka tisa."

Alitaja umri wa lenzi, maskini, maana kudanganya hajui. Shali likafunguliwa. Akaulizwa mitambo mingine iko wapi, akasema hajui, na kweli hajui. Angenitaja mimi tu, angelala kwake. Alinitazama, kisha akawageukia askari. Mimi nikapita na beseni langu, sikugeuka, kama tulivyokubaliana. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Nilimlea yule tangu mama yetu alipofariki, afande, halafu nampita njiani kama simjui. Afande amenipa kitambaa. Tuendelee.

Sharti letu halivunjwi na mtu mmoja. Kwa hiyo leo kuanzia saa moja asubuhi nimezunguka nyumba kwa nyumba kuomba ruhusa ya kusema. Kinyozi hakuniacha nimalize, alikuwa anavaa viatu. Mwalimu aliuliza tu, "Amekula?" Seremala alisema yuko tayari kukaa ndani badala yake. Wa mwisho alikuwa mama muuza mboga, saa nne na nusu.

Vitu vinalala nyumba ipi sitasema, hata ukinifunga. Lakini vyenyewe vimekuja. Wenzangu wanne wako nje kwenye benchi lako: projekta imo ndani ya sanduku la misumeno, amplifaya kwenye mkoba wa mashine za kunyolea, balbu ndani ya birika, na spika ya pili chini ya kabichi. Spika yangu ni hiyo hapo chini ya meza, ambayo umekuwa ukiipiga teke tangu tuanze.

Kinachokosekana ni lenzi iliyo stoo kwenu na mtu wa kuifunga. Naomba mdogo wangu arudi kabla ya saa kumi. Mtaa mzima unataka kujua kama fundi alifungua mlango.

Afande anataka kunisomea maelezo haya kisha niweke dole gumba, kwa sababu ameona alama ya dole kwenye kitambulisho changu. Kitambulisho ni cha zamani. Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka hamsini na tano, gizani mle, nikifuata maandishi ya mwalimu chini ya picha, na mdogo wangu alinirudishia filamu nyuma kila maandishi yaliponiacha. Hakuchoka hata siku moja. Nipe karatasi, nitasoma mwenyewe.

Nimeyasoma yote. Ndivyo ilivyokuwa, na hayo ni maneno yangu. Pale pa kukoroma pabaki hivyohivyo.

Sahihi ya shahidi: (ameandika jina lake kamili kwa wino)

Maelezo ya askari: Saa sita kamili nilitoka nje na kukuta watu wanne na vifaa vyote kama vilivyotajwa. Mtuhumiwa ameachiwa saa saba mchana pamoja na lenzi na shali. Nilifika ukumbini saa kumi ili kujiridhisha kuwa mitambo inafanya kazi. Inafanya. Fundi alifungua mlango. Nimekabidhiwa waya wa projekta niutunze hadi Jumamosi. Unapolala sitapataja kwenye jalada hili.