Kanga Wasiochinjwa wa Chinongwe

Kikao cha Kamati ya Wakulima, baraza la jumbe, Chinongwe, Jumamosi 27 Machi 1954, saa tatu asubuhi.

Waliohudhuria: Bw. Mbaruku (Mwenyekiti), Bw. Yunusi, Bw. Eustakio, Bw. Linus (Katibu).
Waalikwa: Bw. Saadi, Bwana Shamba kutoka boma la Nachingwea. Bibi Mwantumu, mkulima.
Asiyehudhuria: Bw. Abdala. Alituma salamu kuwa ana homa. Alionekana sokoni.

KUMB. NA. 1/54: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kwa dua. Bw. Eustakio aliomba safari nyingine ianze sala ya kwao. Ilikubaliwa, safari nyingine.

KUMB. NA. 2/54: MVUA YA MAWE
Mwenyekiti alimweleza Bwana Shamba kwamba Ijumaa ya tarehe 5, watu wakitoka msikitini, mbingu iligeuka kijani, yakashuka mawe meupe makubwa kama mayai ya kuku, baridi yake inachoma mkono. Mtama wote ulilala. Mvua ilipokatika, hata majogoo walinyamaza. Hakuna mzee aliyewahi kuona jambo lile. Katibu alikuwapo.

KUMB. NA. 3/54: MSAADA WA SERIKALI
Bw. Saadi alieleza kwamba serikali hulipa kwa maafa, si kwa uzembe. Alichokiona mashambani ni nyayo za nguruwe, na shamba hulindwa dhidi ya nguruwe. Bw. Yunusi alijibu kwa sauti kubwa kwamba nguruwe walikuja baadaye, kula mtama uliokwisha kulala, na kwamba bila msaada huo hakuna chakula wala mbegu. Bw. Saadi aliuliza mawe yenyewe yako wapi. Aliambiwa yaliyeyuka. Alianza kufunga mkoba wake.

Bw. Eustakio alisema mawe yaliua ndege porini, kanga wengi mno. Wakristo waliwaokota wakala, na mifupa walishaitupa. Bw. Saadi aliuliza Waislamu je. Mwenyekiti alisema yeye mwenyewe aliwakataza, maana ni nyamafu, wamekufa bila kuchinjwa, na hakuna aliyegusa. Wajumbe walitazama chini.

KUMB. NA. 4/54: KANGA WA BIBI MWANTUMU
Bibi Mwantumu, anayelea wajukuu wanne peke yake, alifungua kikapu akaweka mezani kanga aliyekaushwa kwa moshi. Alisema: "Mwanangu Saadi, tazama shingo. Kisu hakijapita. Mgongo nao umesagika. Wenzake niliwapikia wajukuu. Mtama umelala, wangekula nini? Huyu ndiye wa mwisho. Mungu ananijua."

Bw. Saadi, ambaye naye ni Mwislamu, alimgeuzageuza yule ndege. Kisha alisema mama wa umri ule hawezi kujivunjia heshima mbele ya wazee wake ili kuficha hasara ya nguruwe. Aliandika kwamba chanzo ni mvua ya mawe, na kwamba Chinongwe yote ilipwe.

Bw. Yunusi alitaka Bibi Mwantumu apewe onyo kwa kula nyamafu.  Mwenyekiti alisema asionywe mtu, kwani nyumbani kwake wapo kanga wawili kama huyo, darini juu ya moto. Hakuna aliyecheka.

KUMB. NA. 5/54: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa sita na nusu, adhuhuri ikiwa imeingia. Bibi Mwantumu alirudishiwa kanga wake. Mlangoni wazee wote walisimama kando, Mwenyekiti akiwa wa kwanza, wakampisha atangulie.

(Sahihi) Mbaruku, Mwenyekiti
(Sahihi) Linus, Katibu