Leba Ni Tupu, Lakini Kuna Anayesukuma

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla wiki haijaisha, nimekuwa mkunga kwa miaka ishirini na sita na hospitalini kwetu siku hizi karibu kila mama anapasuliwa, wengine kwa haki kabisa, wengine kwa sababu daktari wetu hapendi kusubiri, ananikonyeza nami namwambia mama, "Mtoto amechoka," na hakuna mama anayesikia hivyo akakataa kutia sahihi, hata kama mapigo niliyasikia mwenyewe yakidunda vizuri, na mmoja alirudi na mimba ya pili, kondo la nyuma limejishika kwenye kovu la upasuaji, akatolewa kizazi, akanishukuru kwa kumwokoa, nami nikaitikia. Sasa vitanda vya leba, chumba cha kujifungulia, havilaliwi, na tangu mwezi jana, saa nane mchana, nasikia mwanamke anasukuma humo, nikifungua hakuna mtu, ila godoro la kitanda cha tatu lina joto, na mfagiaji naye amesikia, amekataa kupiga deki. Juzi sauti iliniita, "Mama, njoo unishike," na ilikuwa sauti ya mke wa mwanangu, ambaye saa hiyo alikuwa kwake anafua, nikampigia simu akanicheka. Anajifungua wiki ijayo na hataki mkunga mwingine ila mimi. Nifanye nini?

Mkunga Mwenye Hofu

Mkunga,

Pole, ingawa pole yangu ni fupi. Sauti hiyo sina dawa yake, wala sitakuambia umeota, maana mfagiaji ameisikia na yeye hajamdanganya mtu. Lakini mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu: walipopasuliwa wakwe wa wenzako uliitikia shukrani, leo ni zamu ya mkweo ndiyo unatetemeka.

Kisu chenyewe sikilaumu, bila hicho mwanangu wa mwisho asingekuwepo. Nalaumu ulimi wako. Hebu fikiria wiki ijayo mapigo yabadilike kweli, na mkweo ameshasikia mtaani mchezo wenu. Atakataa kutia sahihi, nawe utasimama pale na ukweli usio na mnunuzi.

Daktari akikukonyeza tena, mwambie aseme mwenyewe na aandike sababu kwenye faili. Peleka taarifa kwa mganga mkuu wa hospitali. Yule mama aliyetolewa kizazi mfuate kwake, umweleze, na akikufukuza usijitetee.

Mkweo mwambie yote leo, kabla uchungu haujaanza, ukiwa umevaa nguo za nyumbani. Akikuchagua tena, mzalishe kwa haki. Asipokuchagua, kaa kwenye benchi la nje kama wakwe wengine, usubiri kuitwa.