Supacharja ya Khadar

Dada yangu Raho, salaam aleikum.

Jana niliendesha ile gari ya mbio ya kijana wangu Khadar mpaka Archer's Post. Uongo mtupu! Niliketi kando yake, macho nimefumba, nikisoma shahada.

Amefunga supacharja ya kuongeza nguvu kwa injini iliyochoka kuliko mimi, inakunywa oili kama ngamia. Fundi alimwambia, "Bwana, hii itapasuka mkiwa mbio." Khadar akacheka. Ijumaa anashindana na wenzake barabara ya Marsabit. Naleta mzaha, lakini usingizi sipati.

Mimi hanisikii, wewe anakuogopa. Ulipotoroka na Roble mkaoane, ni mimi nilimdanganya Baba ati uko malishoni. Sasa nilipe: mpigie, mwambie wewe mgonjwa sana, aje kwako Garissa kabla ya Ijumaa. Aje na basi, gari aliache hapa.

Kakako ambaye bado ana meno yake,
Abdighani